Fuata tonge moja kutoka mdomoni mpaka chooni: mwongozo kamili wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula

Wengi tulifundishwa huu mfumo kwa kukariri, mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, basi, unaandika kwenye mtihani na wiki mbili baadae yote yameyeyuka. Alafu mtu mzima anakuja kushika kitovu anasema tumbo linauma wakati kinachouma ni nyongo, au kongosho, au kidole tumbo, na hajui hata amwambie daktari nini. Hii inaniuma sana kwa kweli, maana mwili ni wa kwako na unautumia kila siku.

Njia ambayo mimi nimeona inashika kichwani ni moja tu: chukua tonge moja la chakula, lifuate hatua kwa hatua, na kila kituo likisimama ujiulize maswali manne. Hapa linasagwa? Linavunjwa kwa kemikali? Linanyonywa? Au linasukumwa tu lipite? Ukijibu hayo manne kila kituo hauhitaji kukariri chochote. Na sehemu nyingi nimeweka kajaribio kadogo unakafanya mwenyewe, mdomo wako na kiganja chako vinatosha kuwa maabara.

KABLA YA KUANZA: PICHA NZIMA

Jambo la kwanza kabisa la kuelewa, na ukilishika hili umeshika nusu ya somo, ni kwamba mfumo huu ni mrija mmoja mrefu uliotoboka pande zote mbili. Umeanzia mdomoni unaishia kwenye tundu la haja kubwa. Mara nyingi vitabu vinasema una urefu wa kama mita 9, japo kwa mtu aliye hai unakuwa mfupi zaidi ya hapo kwa sababu misuli yake inakuwa imejikaza. Pembeni ya mrija kuna viungo wasaidizi ambavyo chakula hakipiti ndani yake hata siku moja, vinachangia majimaji tu: tezi za mate, ini, mfuko wa nyongo na kongosho.

Sasa maana yake nini? Maana yake chakula kikiwa kwenye mrija bado kiko NJE ya mwili wako. Ndio, hata kikiwa tumboni. Fikiria shanga, uzi unapita katikati ya shanga lakini hauko ndani ya ule udongo au kioo chenyewe. Chakula kinaingia mwilini kweli pale kinapovuka ukuta wa mrija kuingia kwenye damu, na hilo kwa sehemu kubwa linatokea kituo kimoja tu, tutafika. Kila kitu kabla ya hapo ni maandalizi na kila kitu baada ya hapo ni kukusanya maji na kutupa taka.

HATUA YA 0: KABLA TONGE HALIJAGUSA ULIMI

Kazi inaanza kabla hujala. Ukiona chakula, ukisikia harufu yake, hata ukikifikiria tu, ubongo unatuma amri kupitia neva na mate yanaanza kutoka, na tumbo nalo linaanza kumwaga asidi likijiandaa. Ivan Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi anayejulikana kwa majaribio ya mate ya mbwa, tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1904 alipewa kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula hasa, watu wengi wanadhani ni kwa saikolojia.

HATUA YA 1: MDOMONI

Hapa kuna kusaga na kuvunja kwa kemikali, vyote viwili pamoja. Mtu mzima ana meno 32 akiwa nayo yote: 8 ya mbele ya kukata, 4 chonge za kuchana, na 20 magego ya kusaga (8 ni magego madogo na 12 makubwa, ya mwisho kule nyuma kuna watu hayaoti kabisa na sio ugonjwa). Kusaga sio kwa ajili ya kumeza vizuri tu, kipande kikivunjika kuwa vipande vidogo vingi kinakuwa na uso mkubwa zaidi wa kuguswa na kemikali, kwa hiyo mtu anayemeza vipande vikubwa anaipelekea tumbo kazi ambayo tumbo halina meno ya kuifanya.

Mate yanatoka kwenye jozi tatu kubwa za tezi: zile za mbele ya masikio (ndizo zinazovimba mtoto akipata matumbwitumbwi), za chini ya taya, na za chini ya ulimi. Kwa siku unatoa kama lita 1 hadi 1.5 na karibu yote unayameza. Ndani yake kuna kimeng'enya kinaitwa amilasi ambacho kazi yake ni kukata wanga kuwa sukari ndogo ndogo.

Jaribio: chukua kipande cha mkate usio na sukari, tafuna bila kumeza kwa dakika nzima au zaidi. Mwanzo hakina ladha ya maana, baada ya muda utaanza kuhisi utamu kwa mbali. Huo utamu hakuna aliyeuweka, ni amilasi yako imekata wanga sasa hivi ndani ya mdomo wako. Mimi mara ya kwanza kufanya hivi ndo nilielewa kimeng'enya ni kitu gani, kabla ya hapo lilikuwa neno tu la kwenye daftari. Kimeng'enya kwa lugha rahisi ni mkasi wa kemikali, na kila mkasi unakata aina yake tu, wa wanga haukati nyama na wa nyama haukati mafuta.

HATUA YA 2: KUMEZA NA UMIO

Weka vidole viwili juu ya kongomeo lako, pale mbele ya koo, umeze mate. Umehisi linapanda juu alafu linashuka? Hapo sasa hivi umefunga njia ya hewa. Kooni njia ya chakula na njia ya hewa zinapishana, njia ya hewa iko mbele na ya chakula iko nyuma, kwa hiyo kila ukimeza kuna kajikifuniko kanaitwa epigloti kanaegemea mlango wa hewa, kilimi na kaakaa laini vinapanda kuziba njia ya puani, pumzi inasimama kidogo, tonge linapita, alafu kila kitu kinafunguka tena. Yote kwa muda mfupi sana. Ukiongea au kucheka huku umejaza mdomo ratiba inavurugika na hapo ndo mtu anapaliwa.

Kumeza unaanza kwa hiari yako, ila tonge likishavuka koromeo huna mamlaka nalo tena, mwili umechukua usukani.

Umio ni mrija wa misuli wa kama sentimita 25 unaoshuka nyuma ya njia ya hewa, unapita kwenye tundu la kiwambo (ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo) na kuingia tumboni. Tonge haliporomoki kama jiwe kisimani. Misuli inajibana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, ile kama unavyokamua dawa ya meno kutoka chini ya tyubu, wimbi linashuka na tonge linafika tumboni kwa sekunde 10 hivi. Ndio maana hata mtu aliyeinamisha kichwa chini miguu juu anaweza kumeza na chakula kikafika. Wimbi hilo hilo litaendelea mrija mzima mpaka mwisho, kwa hiyo likariri hapa na usilisahau.

Mwisho wa umio kuna msuli wa duara unaofanya kazi kama mlango wa kwenda tu. Ukilegea wakati hautakiwi, asidi ya tumbo inapanda kwenye umio, na umio hauna ngao ya kuhimili asidi, unaungua. Hicho ndo kiungulia, na kinauma kifuani karibu na moyo ndo maana kinatisha watu. Na hapa ushauri unatoka moja kwa moja kwenye maumbile: usilale ndani ya masaa 2 au 3 baada ya kula, inua upande wa kichwa wa kitanda, na ukilala lalia ubavu wa kushoto, kwa sababu tumbo limetunia upande wa kushoto kwa hiyo ukilalia huko asidi inakaa chini ya mlango badala ya kuufikia. Ila kifua kikibana kama kimekandamizwa, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho jembamba likakutoka, hapo usijiambie ni kiungulia, kimbia hospitali.

HATUA YA 3: TUMBO LENYEWE

Onyesha tumbo lako liko wapi. Wengi wataweka mkono kitovuni, sio hapo. Mfuko wa tumbo uko juu zaidi, chini ya mbavu na umeelemea kushoto. Kitovuni pale ni utumbo. Hili ni dogo lakini ukiongea na daktari linabadilisha kila kitu.

Likiwa tupu ni dogo, ukila linatanuka mpaka lita 1 au 1.5 bila shida. Ukuta wake una tabaka tatu za misuli, moja inakwenda kwa urefu, nyingine kwa mduara na nyingine kwa mshazari, ndo maana linaweza kukandia chakula kila upande kama mtu anayekanda unga. Baada ya masaa kadhaa tonge lako halipo tena, kuna uji mzito mchachu.

Uchachu unatokana na asidi ya haidrokloriki. Kwenye kipimo cha pH (namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) tumbo lenye njaa linakuwa kati ya 1.5 na 3.5, juisi ya limao inakaa humo humo kwenye 2 hivi. Asidi inaua vijidudu vingi vinavyokuja na chakula, inazilegeza protini, na inaamsha kimeng'enya kinachoitwa pepsini ambacho kinaanza kukata protini, yaani nyama, mayai, maharage, inaanzia hapa.

Swali ambalo kila mwanafunzi makini anauliza: kama tumbo linayeyusha nyama, na lenyewe ni nyama, mbona halijiyeyushi? Kwanza pepsini inatolewa ikiwa imefungwa, bado haina makali, inafunguliwa na asidi ikishakuwa ndani ya tumbo. Pili, ukuta umepakwa ute mzito wenye baikaboneti, kitu ambacho kinaizima asidi kabla haijagusa ngozi ya ndani. Tatu, seli za huo uso zinabadilishwa upya kila baada ya siku chache. Hiyo ngao ikitoboka ndo unapata vidonda vya tumbo.

Na hapa naomba nikae kidogo, maana watu wanateseka bure. Kwa miaka mingi sana vidonda vya tumbo vilisemwa vinaletwa na mawazo na pilipili. Madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakagundua bakteria wa umbo la kama skrubu kwenye matumbo ya wagonjwa, leo anaitwa Helicobacter pylori. Hawakuaminiwa, watu walisema hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye asidi. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kikombe cha hao bakteria, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba na kuchubuka kwa ndani, wakaonekana humo. Mwaka 2005 wakapewa Nobel wote wawili. Kwa hiyo leo visababishi vikubwa viwili ni huyo bakteria na dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikitumika mara kwa mara, hasa mtu akiwa hajala. Bakteria anapimwa (kwa pumzi, kwa choo au kwa kamera) na anatibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Mtu anayekunywa dawa za kupoza asidi miaka na miaka bila kupimwa anazima moshi na moto unaendelea kuwaka, tafadhali pima.

Kwani tulijuaje yote yanayoendelea humo ndani? Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja mfanyakazi wa kampuni ya biashara ya ngozi anaitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya ubavuni, akapona lakini tundu likabaki wazi kutoka nje mpaka ndani ya tumbo. Daktari wake William Beaumont akawa anafunga vipande vya chakula kwenye uzi, anavitumbukiza kwenye tundu, anavitoa baada ya muda kuona vimeyeyuka kiasi gani, na matokeo akayachapisha mwaka 1833. Watu walikuwa wanabishana kama tumbo linasaga tu au linatumia kemikali, na St. Martin ndiye aliyelipa gharama ya jibu: ni kemikali. Aliishi na lile tundu mpaka 1880, na kwangu yeye anastahili heshima sawa na daktari wake.

Chakula kinakaa tumboni kama masaa 2 mpaka 5. Maji yanapita haraka, wanga unafuata, mafuta ndo yanachelewesha kuliko vyote, ndo maana ukila chakula chenye mafuta mengi unakaa umeshiba muda mrefu. Kunyonya hapa ni kidogo sana, pombe kiasi na baadhi ya dawa.

Na lile tumbo kunguruma? Mrija ukiwa mtupu, kila baada ya dakika 90 mpaka 120 hivi kunapita wimbi kubwa la usafi linalofagia makombo na ute na bakteria kwenda mbele. Hewa na maji vinasukumwa humo ndani ndo unasikia sauti.

HATUA YA 4: DUODENI, SENTIMITA 25 ZENYE KAZI NZITO

Mlango wa chini wa tumbo unaachia uji kidogo kidogo. Unaingia sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, duodeni, na jina lenyewe asili yake Kilatini linatokana na namba 12, kwa kuwa urefu wake ulikadiriwa kuwa upana wa vidole 12.

Uji unafika ukiwa na asidi kali, na utumbo hauna ngao ya tumbo. Kwa hiyo ukuta wa duodeni ukiihisi tu asidi unamwaga homoni kwenye damu inayoitwa sekretini, inalifikia kongosho, kongosho linamwaga maji yenye baikaboneti nyingi, asidi inazimwa. Hii ndo ilikuwa homoni ya kwanza kabisa kugunduliwa, mwaka 1902, na Waingereza Bayliss na Starling.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo, lina urefu wa kama sentimita 15, na linatoa kama lita 1.5 ya juisi kwa siku yenye mikasi yote: amilasi ya kumalizia wanga, lipasi ya mafuta, tripsini na wenzake wa protini. Ya protini inatoka ikiwa imefungwa kama pepsini, inafunguliwa ikifika utumboni. Ikifunguka mapema ndani ya kongosho lenyewe, kongosho linaanza kujila, na hayo ni maumivu makali ya juu ya kitovu yanayotoboa mpaka mgongoni, ni dharura. Usisahau pia kongosho hilo hilo lina vikundi vidogo vya seli vinavyomwaga insulini kwenye damu, kwa hiyo ni kiungo kimoja chenye kazi mbili tofauti kabisa.

Alafu nyongo. Hapa ndo watu wengi wanakosea mtihani: nyongo HAINA kimeng'enya. Inatengenezwa na ini, inahifadhiwa kwenye kamfuko kadogo chini ya ini, na kazi yake ni kama sabuni.

Jaribio: weka maji kwenye glasi, mimina kijiko cha mafuta ya kupikia, koroga, uache. Mafuta yanarudi juu yanajikusanya. Sasa tia matone machache ya sabuni ya vyombo, koroga tena. Mafuta yamevunjika kuwa vitone vidogo vidogo vimesambaa kwenye maji. Ndicho kinachofanywa na nyongo, lipasi sasa inapata pa kukata. Na ndo maana mtu mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo anaumia baada ya kula mafuta, mfuko unajibana kutoa nyongo na jiwe limekaa mlangoni, maumivu yanakuja upande wa kulia chini ya mbavu, mara nyingine yanapanda mpaka bega la kulia.

HATUA YA 5: UTUMBO MWEMBAMBA, HAPA SASA NDO CHAKULA KINAINGIA MWILINI

Hiki ndo kituo nilichosema tutafika. Baada ya duodeni kuna sehemu nyingine mbili, jejunamu na iliamu, jumla mrija wa mita kadhaa (vitabu vinaandika 6, mtu akiwa hai ni pungufu) wenye upana wa kama sentimita 2.5 tu, ndo maana unaitwa mwembamba japo ni mrefu kuliko mpana mara kadhaa.

Ukuta wake haujanyooka. Una mikunjo, juu ya mikunjo kuna vijidole vidogo sana vinaitwa vili, na kila seli ya kijidole ina vinywele vingine vidogo zaidi juu yake. Fikiria taulo, unaona vile vinyuzi vilivyosimama vinavyofanya linyonye maji kuliko kitambaa laini, ni hivyo hivyo. Ukikunjua eneo lote unapata kama mita za mraba 30, sakafu ya vyumba viwili vitatu, yote imekunjwa ndani ya tumbo lako.

Ndani ya kila kijidole kuna mishipa midogo ya damu na katikati kuna mrija mmoja wa limfu (majimaji ya mwili yenye mirija yake, tofauti na ya damu). Hapa njia zinagawanyika, na hii gawanyiko ishike vizuri. Sukari iliyotokana na wanga, na amino asidi zilizotokana na protini, zinaingia kwenye damu na kwenda moja kwa moja kwenye ini. Mafuta mengi yanaingia kwenye limfu, yanazunguka juu mpaka karibu na shingo upande wa kushoto ndo yanamiminwa kwenye damu, hayapiti ini kwanza.

Sio kila kitu kinanyonywa popote. Madini ya chuma yananyonywa zaidi kwenye duodeni (na yanasaidiwa na vitamini C, kwa hiyo tunda lenye uchachu pamoja na mlo sio urembo). Vitamini B12 inanyonywa mwishoni kabisa kwenye iliamu, na lazima iwe imeshikana na protini maalum iliyotoka tumboni, ndo maana mtu aliyekatwa tumbo lote anaweza kuishi na kula vizuri ila B12 atahitaji kuongezewa maisha yake yote, mara nyingi kwa sindano.

Sasa kuhusu maziwa. Sukari ya maziwa inaitwa laktosi na mkasi wake ni laktasi, upo juu ya vile vijidole. Watu wengi duniani laktasi inapungua baada ya utoto. Laktosi isiyokatwa hainyonyeki, inateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wanaifanyia karamu, unapata gesi, tumbo kujaa, na kuharisha. Sio mzio, ni mkasi umekosekana.

Na kuna jambo moja la hapa ninalolipenda kuliko yote kwa sababu limeokoa maisha ya watoto wengi mno. Maji yote yanayoingia kwenye mrija kwa siku ni kama lita 9, unayokunywa ni kama 2 tu, zilizobaki ni mate, juisi ya tumbo, nyongo, kongosho na utumbo wenyewe. Karibu yote yananyonywa tena, kinachotoka chooni ni kama mililita 100 hadi 200. Mtu akiharisha sana hiyo hesabu inavurugika na anakauka haraka. Lakini ukuta wa utumbo una mlango ambao chumvi na glukosi vinaingia PAMOJA, wakiingia wawili hao maji yanawafuata, na mlango huo unaendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu. Ndo siri ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji anayopewa mtu anayeharisha. Ndo maana sukari imo na chumvi imo, na ndo maana vipimo lazima vifuatwe kama pakiti inavyosema, ukizidisha sukari unavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni na kuharisha kunaongezeka.

HATUA YA 6: KITUO CHA UKAGUZI, INI

Tonge lako sasa ni sukari na amino asidi ndani ya damu, na damu yote hiyo inapita kwenye ini kabla ya kwenda popote. Ini lina kama kilo 1.5, liko kulia chini ya mbavu. Linaweka akiba ya sukari, linageuza amonia yenye sumu kuwa urea utakayoikojoa, linachakata dawa na pombe, na linatengeneza nyongo kutokana na chumvi za nyongo na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Hayo mabaki ndiyo yanayokipa kinyesi rangi ya kahawia. Nyongo ikiziba, choo kinapauka kama udongo mweupe, mkojo unakuwa mweusi kama chai na macho yanakuwa ya njano.

HATUA YA 7: UTUMBO MPANA

Mita 1.5 tu. Unaanzia chini kulia, unapanda, unavuka chini ya mbavu kwenda kushoto, unashuka. Ukipitisha kiganja juu ya tumbo lako kwa mzunguko huo umeufuata wote, na mtu mwenye gesi akijikanda anatakiwa akande kwa mwelekeo huo huo.

Pale unapoanzia kananing'inia kidole tumbo. Kikivimba maumivu yanaanza karibu na kitovu alafu baada ya masaa kadhaa yanahamia chini kulia na kubaki hapo, na hamu ya kula inapotea. Usinywe dawa ya kukufanya uharishe, nenda hospitali.

Kazi hapa ni kunyonya maji na chumvi zilizobaki, na kuwalisha bakteria, ni matrilioni. Nyuzinyuzi ambazo mikasi yako haiwezi kukata wao wanazila, wanatoa asidi ndogo ndogo za mafuta ambazo ndo chakula kikuu cha seli za ukuta wa huu utumbo, wanatengeneza pia vitamini K kiasi. Gesi ni zao la kazi hiyo, sehemu kubwa haina harufu, harufu inaletwa na chembe kidogo zenye salfa.

Mabaki yakikaa sana maji yananyonywa kupita kiasi, choo kinakuwa kigumu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kukosa choo ni kunywa maji, kuongeza nyuzinyuzi taratibu, kutembea, na kutokuahirisha haja ikija. Asubuhi baada ya kifungua kinywa ndo muda mzuri, kwa sababu tumbo likijaa linautumia utumbo mpana ujumbe uanze kusukuma.

HATUA YA 8: MLANGO WA MWISHO

Kinyesi kikiingia kwenye puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) kuta zinatanuka na unasikia haja. Kuna misuli miwili ya duara, wa ndani unalegea wenyewe bila ruhusa yako, wa nje unauamuru wewe, na mtoto anayefundishwa kwenda chooni anajifunza kuutawala huo wa nje. Ukichuchumaa njia inanyooka zaidi, kwa hiyo wa choo cha kukaa aweke kastuli chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga.

Kwenda mara 3 kwa siku mpaka mara 3 kwa wiki yote ni kawaida kama kwako ndo mazoea. Cha kuangalia ni mabadiliko. Damu, choo cheusi kama lami chenye kunata (hiyo ni damu iliyotoka juu na kumeng'enywa, japo vidonge vya madini ya chuma navyo vinafanya choo cheusi), kupungua uzito bila kutaka, chakula kukwama kooni, kutapika damu, maumivu ya kukuamsha usiku: hivyo havisubiri.

Jaribio la mwisho, la kupima mrija wako wote. Kula punje za mahindi ukizitafuna kidogo tu, au bitiruti, andika saa uliyokula, alafu angalia chooni. Ganda la punje ya mahindi halimeng'enywi na rangi ya bitiruti inaonekana vizuri, kwa hiyo utaviona vikitoka. Kwa watu wengi ni siku 1 hadi 3, masaa machache tumboni, kama masaa 3 hadi 6 kwenye utumbo mwembamba, na muda wote uliobaki ni wa utumbo mpana. Ukitumia bitiruti kumbuka kwamba wekundu utakaouona, na mkojo nao unaweza kuwa wa pinki, ni rangi ya mmea na itaisha yenyewe kwa siku moja au mbili, ukiendelea zaidi ya hapo kapime.